Kabureta inavuta upepo: silikoni, tyubu ya baiskeli, manifodi mpya na oringi nimezipima zote kwenye pikipiki ya CG ya zamani

Wakuu habari za majukumu. Hii ni rivyu ya vitu vidogo ambavyo watu hawana mda wa kuviandikia, vile vya kuziba upepo unaoingia kati ya kabureta na silinda, pale kwenye manifodi (kile kiungio kinachobeba hewa na petroli kwenda kwenye silinda), kwenye pikipiki zilizokula chumvi. Mimi nina CG ya Kichina ya 150, nimeichukua kwa shemeji akiwa kashaichoka, na ilikuja na ule ugonjwa ambao kila mwenye mkweche anaujua, asubuhi haiwaki bila choki, ikishapata moto sailensa (ule mwendo wa injini ikiwa imesimama, sio bomba la eksozi) inapanda yenyewe, unaachia mafuta resi (mizunguko ya injini) hazishuki, na ukiwa unateremka mlima eksozi inapiga pa pa pa mpaka watu wanageuka kuangalia.

Mwenye haraka achukue hukumu yangu aondoke: oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, ya bei ya soda inashinda vyote, ila ikikaa kwenye uso uliopinda ni kazi bure. Na silikoni siipi hata nusu nyota. Wenye mda tuendelee.

Kwanza tuelewane shida ni nini maana nimeona watu wanauziwa kabureta nzima mpya wakati ugonjwa haupo kwenye kabureta. Petroli ili iungue vizuri inataka hewa kama mara 14.7 ya uzito wake, na kazi ya kabureta ni kupima huo mchanganyiko. Sasa hewa ikipata kinjia cha kuingilia nyuma ya kabureta, yani pale kwenye maungio ya kuelekea silinda, hiyo hewa haijapimwa na mtu, haina petroli ndani yake, ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini inachemka, plagi ukiifungua unaikuta nyeupe badala ya ile rangi ya kahawia, na nguvu ya kuanzia inapotea.

Na kuna kitu kinawachanganya wengi hapa. Ukiachia mafuta ile slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda na kushuka kupitisha hewa, inafunga karibu yote, kwahiyo pistoni inavuta kwa nguvu kubwa sana na hewa haina pa kupita, hapo tundu dogo kama la sindano linatosha kuharibu kila kitu. Lakini ukifungua mafuta yote hewa inayopita kihalali ni nyingi, ile ya wizi inakuwa haionekani. Ndio maana pikipiki inaweza kutembea fresh kabisa Morogoro Road halafu ukifika kwenye foleni pale Ubungo inaanza vituko, na fundi akiijaribu kwa kuikimbiza anarudi anakwambia mbona nzima hii.

Kinachofuata mnakijua. Fundi anashusha skrubu ya sailensa, haishuki. Anaifungua kabureta anaiosha, haishuki. Anahamisha klipu ya sindano ya kabureta ili petroli iongezeke, inatulia kidogo, basi anapata moyo anachukua waya anatoboa jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli kwa kipimo. Hapo ndo pikipiki inaanza kunywa mafuta kama haina akili na bado asubuhi inataka choki. Ya kwangu ilishapitia yote hayo kabla haijanifikia, jeti ndogo ilikuwa imetobolewa tundu halina hata uduara.

Tuseme ukweli, CG sio pikipiki mbaya. Ile mama yao, Honda CG125, ilitoka 1976, na Honda makusudi kabisa waliweka fimbo za kusukumia valvu badala ya ile cheni ya kupanda mpaka juu, ili ivumilie watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Na inavumilia kweli, tatizo ni kwamba oringi na mipira haikuhusishwa kwenye huo mpango. Joto linaikausha, inakakamaa, na kila fundi anayepita anakaza bolti zaidi ya aliyemtangulia.

Sasa twende kwenye vitu vyenyewe.

Naanza na vya kutafutia tundu, maana usinunue dawa hujajua kidonda kiko wapi. Nimejaribu kopo la kusafishia kabureta, nimejaribu WD-40 (ile dawa ya kupulizia ya kulegeza bolti), na nimejaribu chupa ya kupulizia maji, zile wanazotumia saluni. Zote zinafanya kazi kwa mtindo mmoja, unawasha injini, unaiacha kwenye sailensa, unapuliza kidogo kidogo kwenye maungio, ukipuliza sehemu yenye tundu mlio unabadilika. Kopo la kabureta linaonyesha haraka kuliko zote, resi zinapanda au zinashuka hapohapo, lakini wakuu hiyo kitu inashika moto, unaipuliza kwenye injini inayowaka, pembeni kuna waya wa plagi ambao kwenye pikipiki ya zamani mara nyingi umepasuka na unatupa cheche. Nimeona fundi anaipuliza huku ana sigara mdomoni, nikasogea mbali. WD-40 nayo inashika moto, watu wanajisahau kwa sababu inaonekana ni mafuta mafuta tu. Chupa ya saluni ndo mshindi wangu, maji yakifika kwenye tundu yanaliziba kwa sekunde moja au yanavutwa ndani, injini inayumba, umeshajua. Bei yake ni karibu na bure na ukimaliza unamrudishia mke wako. Fanya injini ikiwa bado haijachemka sana, usimwagie maji ya baridi chuma cha moto.

Kwangu iliyumba kwenye sehemu mbili, pale kabureta inapoungana na manifodi, na kwenye kile kichuchu kidogo cha manifodi kinachopokea mpira mwembamba wa kwenda kwenye ile valvu ya nje ya kupunguza moshi mchafu, sio valvu za ndani ya injini. Wengi hiyo valvu wanaing'oa wanautupa mpira halafu kichuchu kinaachwa wazi, au kinazibwa na kijiti. Kijiti! Changu kilikuwa na kijiti cha mwarobaini nadhani, kimekauka kimesinyaa. Hiyo niliitibu kwa kipande cha mpira wa petroli na skrubu kwa mbele na klipu, ikaisha, sina cha kuongeza.

Silikoni sasa. Hii ndo dawa ya mtaa mzima, fundi akisikia inavuta upepo mkono unaenda kwenye tyubu ya silikoni nyekundu au nyeusi kabla hujamaliza sentensi. Nilipofungua kabureta yangu nilikuta imepakwa tabaka juu ya tabaka, na kwa ndani imefanya minyama inaning'inia kwenye njia ya hewa, laini, ukiivuta inakatika mkononi. Sababu yake ni ndogo tu, silikoni ya kawaida ya gasketi haipatani na petroli, inavimba, inalainika, inaachia. Wenye kiwanda wenyewe mara nyingi wanaandika nyuma ya tyubu kwamba usitumie panapogusana na petroli, ila nani anasoma nyuma ya tyubu. Kipande kikikatika kinaenda moja kwa moja kwenye valvu. Na kibaya zaidi inafanya kazi wiki ya kwanza! Ndo maana fundi anaiamini, wewe unaondoka umefurahi na yeye hakuoni tena mpaka ukirudi na ugonjwa anaouita mwingine. Silikoni ni nzuri kwenye mfuniko wa tapeti, ni nzuri kwenye maungio ya oili, kwenye kabureta hapana.

Tyubu ya baiskeli au ya gari iliyokatwa ukanda ukazungushiwa juu ya mpira uliopasuka, hii naiheshimu kidogo. Inafaa zaidi kwa pikipiki ambazo kiungio chao ni mpira mtupu sio chuma kama CG. Raba ya tyubu nayo petroli inaivimbisha kwahiyo usitegemee ikae, lakini ukiwa umekwama porini huko Kilombero na mpira umechanika kwa nje, ukanda uliovutwa ukakazwa vizuri na waya unakufikisha. Nyota tatu kwa tano kama huduma ya kwanza. Kama ni tiba ya kudumu sifuri.

Ile gundi ya chuma ya mirija miwili unayochanganya yenyewe, kwenye mpira usihangaike, mpira unacheza na gundi inakuwa ngumu kama jiwe, mtikisiko wa siku mbili tatu za barabara ya vumbi imeshaachana. Kwenye manifodi ya aluminiamu yenye ufa inaweza kushika, jirani anayo na inatembea mpaka leo.

Manifodi mpya. Nilienda Gerezani pale Kariakoo, nikamwonyesha muuzaji ya zamani nikamwambia nataka orijino. Akaleta moja imefungwa kwenye nailoni.

"Kaka hii ndo orijino yenyewe."

"Orijino ya wapi?"

"Ya China."

Nikacheka nikalipa, mtu mkweli lazima umuungishe. Kitu chenyewe sio kibaya, ukuta mnene, matundu ya bolti yamekaa sawa. Lakini uso wake ulikuwa na alama za kalibu, ukipitisha kucha unasikia mgongo mgongo, na mgongo wa namna hiyo oringi haiwezi kuufuta. Halafu inakuja na kichuchu kiko wazi na hakuna kizibo kwenye pakiti, kwahiyo asiyejua ananunua dawa yenye ugonjwa ndani yake, anafunga, tatizo liko palepale, anarudi kumtukana muuzaji. Kingine cha kuangalia ni tundu. Kuna za 125 na za 150, zinafanana sana kwa nje, ukichanganya unapata ngazi ndani ya njia ya hewa na pikipiki inakuwa nzito. Beba ya zamani, ziweke mdomo kwa mdomo zifanane. Naipa sita kwa kumi, na ukweli ni kwamba sikuihitaji, ya zamani yangu haikuwa na ufa wowote.

Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye masikio ya kabureta. Kabureta hizi aina ya PZ27 zina masikio mawili yenye matundu ya bolti, na katikati kuna mfereji wa oringi. Fundi akikaza kupita kiasi yale masikio yanapinda kuelekea mbele, katikati panabaki pameinuka, basi kadri unavyokaza ndo panazidi kuachama. Ukiweka uso wa kabureta juu ya kioo unaona mwanga unapita chini. Dukani hakuna mtu atakayekwambia hili kwa sababu hakuna spea ya kukuuzia hapo, dawa yake ni kioo na msasa.

Hapa nimsifie fundi mmoja wa mtaani kwetu, simtaji maana hajaniruhusu, ni mzee mmoja mpole anakaa chini ya mkungu na sanduku lake la bati. Nilimpelekea kabureta mkononi nikijua ataniambia silikoni. Akaigeuza, akaiangalia, akasema "mwanangu hii imekunjwa na wanaume", akatoa kipande cha kioo cha dirisha, akaweka msasa wa maji namba 400 juu yake, akatoa oringi, akaanza kuizungusha kabureta kwa mwendo wa namba nane huku anaongea habari za mpira wa Simba na Yanga. Mwanzoni msasa ulikuwa unagusa katikati tu, pembeni bado peusi, akaendelea taratibu mpaka uso wote ukawa na rangi moja. Nilimuuliza kwanini asitumie jiwe la mashine amalize haraka, akanijibu ukila sana mfereji unakuwa mfupi na oringi itasagika. Ni kweli, oringi inatakiwa ichomoze kidogo juu ya uso, ikiwa chini haizibi na ikizidi sana masikio yanapinda upya. Baada ya hapo akaisafisha kwa petroli kila tundu maana chembe za msasa zikiingia kwenye silinda ni msasa huohuo unaendelea na kazi huko ndani. Huduma nyota tano, bei hela ya chipsi mayai.

Tena alinikumbusha kitu ambacho ningekipita. Kati ya kabureta na manifodi kuna kile kibao cha plastiki ngumu, kwangu kilikuwa cheusi, kwingine cha kahawia. Mafundi wengi wanakitoa wanasema hakina kazi. Kazi yake ni kuzuia joto la silinda lisipande kwenye kabureta, ukikitoa petroli inachemkia ndani ya bakuli la kabureta na pikipiki ikizimwa juani haiwaki mpaka ipoe. Nacho kinapinda, nacho kinapitishwa kwenye kioo na msasa.

Oringi yenyewe usinunue kwa macho. Nenda na kabureta, weka kwenye mfereji palepale kaunta, na mwambie muuzaji unataka ya petroli sio ya bomba la maji. Nzuri ya kawaida ni naitrili, ile nyeusi. Kuna za Viton ambazo zinavumilia joto na petroli zaidi, mara nyingi wanaziuza za kahawia au kijani, ila rangi peke yake isikudanganye maana rangi mtu yeyote anaweka. Kipimo changu ni hiki, nanunua mbili, moja nailoweka kwenye petroli usiku kucha ndani ya chupa. Asubuhi ikiwa imevimba mpaka haikai tena kwenye mfereji, mwenzake haifungwi. Zile za boksi la mchanganyiko, zile za rangi rangi zinazouzwa na vifaa vya mabomba, zimefeli kwangu vibaya. Za duka la spea za pikipiki, moja moja kwenye kijimfuko, zimepita. Tisa kwa kumi, nimepunguza moja kwa sababu hawaandiki ni mali gani.

Kufunga nako ni kazi. Bolti ni za milimita 6, spana namba 10, kaza huku kidogo na huku kidogo kwa kupokezana, spana fupi ya mkono mmoja inatosha, ni kama nyutoni mita 10 tu kwa wenye spana ya kipimo. Ukisikia hamu ya kuongeza ka robo mzunguko, acha. Hiyo robo ndo iliyozipinda kabureta zote za mji huu.

Ilivyofungwa nikanunua jeti ndogo mpya kuchukua nafasi ya ile iliyotobolewa, nikarudisha klipu ya sindano katikati, plagi mpya NGK D8EA. Na sailensa unaipanga upya kabisa, usiache ya zamani maana ilikuwa imepangwa kwa kutegemea upepo wa wizi, kwangu ilivyowashwa mara ya kwanza ilizima kwa sababu tundu halipo tena. Nikainua mpaka kama resi 1400 kwa dakika hivi, nikacheza na skrubu ya mchanganyiko mpaka mlio ukawa laini, nikashusha tena kidogo. Sasa ukiachia mafuta inashuka papo hapo. Milipuko ya eksozi imeisha. Choki natumia asubuhi za mvua tu.

Kama umefanya yote hayo na resi bado hazishuki angalia waya wa mafuta kama haujavutika ukikunja usukani, na slaidi kama hainati, kabla hujaanza kumlaumu fundi.

Wenye Yamaha AG100, ile ya mabwana shamba na maafisa ugani, nyie msisome hii rivyu kwa starehe. Hiyo ni injini ya mipigo miwili (two-stroke), kwenye CG upepo ni kero ila kwenye AG mchanganyiko mkavu unanatisha pistoni, unakuwa unatembea ghafla tairi la nyuma linakamata. Kiungio chake ni mpira, na ukipasuka kwa ndani huoni mpaka uutoe uukunje kwa vidole. Halafu zina mlango mwingine wa upepo ambao CG haina, sili za kranki, yani mipira ya kuziba pembeni ya shafti kuu ya injini. Ya upande wa magineti ikichoka inavuta hewa kavu kabisa, chupa ya saluni haifiki huko na hata harufu hupati. Ya upande wa klachi ikichoka inanyonya oili ya giaboksi, hiyo angalau utaiona kwa moshi mweupe mzito na oili kupungua bila kuvuja chini. Kwa hizo sili sina rivyu ya bei rahisi, nunua za maana, na ukiona AG inauzwa bei ya kutupa na muuzaji anakwambia "inataka tu kusafishwa kabureta", kaa ukijua unachonunua.